Mji Uliokuwa Chuo: Matembezi ya Watu wa Mbalibali katika Mji Mkongwe wa Unguja

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Masahaba zake wote.



Ijumaa ya leo nimeona tuziweke kando kidogo mada zetu za hukumu na fatwa, tufunge safari. Safari yenyewe ilianzia Mbalibali, katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, mahali ambapo Waislamu ni wachache na ambapo darsa letu la watoto hukaa juu ya jamvi, chini ya mti, siku ambazo mvua hainyeshi. Mzee mmoja miongoni mwa jamaa zetu, mfugaji mwenye heshima yake, ana binti aliyemaliza kidato cha sita na kupata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu huko Unguja. Barua ya chuo ilipofika, ilikuta tayari nyumbani kuna jambo jingine: posa. Upande wa mchumba ulikuwa na ng'ombe, na wazee wa ukoo walikwisha anza kuwahesabu.

Baada ya sala ya Ijumaa mzee yule alinifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Shehe, huko Unguja kuna nini ambacho mtoto wa kike hawezi kukipata hapa?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimkumbusha tu kwamba Mtume (S.A.W.) ameelekeza binti aombwe idhini yake kabla ya kuozwa, na nikamsihi asitoe neno kwa upande wowote mpaka twende tukaone kwa macho yetu. Tukaondoka watu sita: mimi, yeye, binti yake, na vijana watatu wa darsa. Tukapita Mugumu, Bunda na Mwanza, tukakesha ndani ya basi hadi Dar es Salaam, kisha tukapanda boti. Haya ninayoyaandika ni habari ya siku moja tu ya kutembea kwa miguu.

Neno lenyewe "chuo"

Kabla hatujashuka botini niliwauliza vijana: chuo maana yake nini? Wakanitajia majengo, mabweni na mahafali. Nikawaambia kuwa katika Kiswahili cha kale cha pwani, chuo kilikuwa ni kitabu. Baadaye neno hilo likawa jina la mahali pa kusomea Qur'an. Hadi leo mzee wa Unguja akikwambia kuwa mjukuu wake amekwenda chuoni, huenda mjukuu huyo ana miaka mitano na ndiyo kwanza anazijua alifu na be. Aliyebobea katika vitabu akaitwa mwanachuoni, na kundi lao wakaitwa wanavyuoni. "Chuo kikuu" ni tawi jipya lililochipua juu ya mzizi huo wa zamani.

Wala si pwani yetu peke yake. Msikiti wa Qarawiyyin wa Fez, nchini Morocco, ambao wanahistoria wengi huunasibisha na mali aliyoitoa bibi mmoja, Fatima al-Fihri, mwaka 859, ulikuja kuwa miongoni mwa vyuo vikongwe kabisa duniani. Al-Azhar ya Cairo nayo ilianza kuwa msikiti katika karne ya 10. Palianza msala na jamvi, mwalimu na mwanafunzi. Kuta za darasa zilikuja baadaye. Mzee wetu alipolisikia jina la Bi Fatima alimtupia binti yake jicho, kisha akatazama bahari.

Malindi: kadhi aliyerudi kusoma

Bandari ya abiria iko Malindi, na kutoka hapo hadi Msikiti wa Ijumaa ni mwendo mfupi sana. Hapo ndipo tulipoanzia, kwa kuwa karibu na msikiti huo amezikwa Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumayt. Alizaliwa mwaka 1861 Itsandraa, kisiwani Ngazija. Katika ujana wake alikuwa baharia na nahodha wa jahazi la biashara. Akasoma kwa baba yake, akaenda kusoma Hadhramaut, na alipokuwa bado kijana wa miaka ya ishirini Sayyid Barghash akampa ukadhi wa Unguja.

Hapa niliwasimamisha vijana. Mtu amepata cheo, ana heshima mjini, ana riziki ya uhakika. Je, alisema basi, nimekwisha soma? La. Aliondoka Unguja, akakaa Istanbul kwa mwanachuoni wa Kihadhrami, Sayyid Fadhl bin Alawi, akapita Misri, Makka na Bara Hindi, akisoma na kusomesha. Aliporejea mwishoni mwa miaka ya 1880 alirudishiwa kazi yake, akaifanya hadi alipofariki mwaka 1925. Watawala waliomwajiri walikuwa Maibadhi na yeye alikuwa Mshafii. Kila mmoja alibaki katika madhehebu yake, na haki za watu zikahukumiwa. Leo sisi tunaogombana juu ya mambo madogo kuliko hayo tungefaa kusimama mbele ya kaburi lile kwa dakika chache, tukanyamaza.

Tulisoma Fatiha, tukamwombea yeye na wazazi wetu.

Forodhani: mfupa wa bega la ngamia

Kutoka Malindi tuliifuata njia ya pwani hadi Forodhani, tukasimama mbele ya Kasri. Kabla ya kasri la sasa, mahali hapo palikuwa na jumba la Beit al-Sahel, ambalo liliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Miongoni mwa waliopata kuishi katika jumba hilo la kale ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anaeleza kwamba mabinti wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Qur'an, lakini hawakufundishwa kuandika. Naye akaitamani kalamu. Akauchukua mfupa wa bega la ngamia uliotumika kama ubao, akafungua msahafu, akawa anaziiga herufi zake kwa siri mpaka mkono ukazoea.

Maisha ya Sayyida Salme yalikwenda mbali: aliondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na akaiacha dini ya wazazi wake. Nilimweleza mzee hayo yote, kwani ukweli haufichwi. Yeye akadakia hapo hapo: "Unaona, Shehe? Ndiyo hofu yangu. Mtoto wa kike akishika kalamu, anapotea."

Nikamwambia: "Mzee wangu, hebu tazama vizuri. Kalamu hakupewa na mtu; aliiiba. Waliomfundisha kusoma wakamzuia kuandika, naye akajifundisha peke yake, bila mwalimu wa kumwongoza wala mzazi wa kumwuliza maswali. Huwezi kuizuia njaa ya elimu. Unaloweza ni kuchagua kama mtoto wako atakula mbele yako au atakula gizani."

Binti alikuwa amesimama nyuma yetu kidogo. Hakusema neno.

Hatua chache kutoka hapo ni Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Sultani huyo ndiye aliyeleta Unguja kiwanda cha kuchapa vitabu kwa herufi za Kiarabu, karibu na mwaka 1880, na vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi vikachapwa hapa. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ilianguka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini urithi huo umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na vitu hivyo vinahitaji mtu wa kuvitunza kila mwaka. Elimu nayo ni hivyo hivyo. Ukiiacha bila mkarabati, huanguka ukiitazama.

Mkunazini: swali lisilo na jibu jepesi

Tuliingia ndani ya vichochoro. Mgeni kutoka Serengeti, aliyezoea upeo usio na kizuizi, huhisi kama kuta zinamkaribia. Mara unaona mlango wa mninga wenye nakshi, mara baraza la mawe lenye wazee na vikombe vya kahawa. Vijana wetu walijifunza upesi kwamba hapa hupiti mbele ya baraza bila ya salamu.

Tulitokea Mkunazini, palipokuwa na soko la mwisho la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwezi Juni mwaka 1873, na mahali pake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Nje ya kanisa, ndani ya shimo, kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Mzee wetu alizitazama kwa muda mrefu. Wengi wa waliouzwa hapa walitembezwa kwa miguu kutoka bara.

Kisha akauliza: "Na hao wanavyuoni wako, Shehe, walisema nini?"

Ndugu msomaji, swali hili nimelibeba tangu siku ile. Ningeweza kumjibu kwamba Uislamu umehimiza kuwaacha huru watumwa na ukalifanya jambo hilo kuwa kafara ya madhambi, na hayo ni kweli. Ningeweza kumwambia kwamba soko lilipofungwa, Bin Sumayt alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili tu, na hilo nalo ni kweli. Lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja hadi mwaka 1897, na katika miaka yote hiyo darsa zilisomwa umbali wa kutupa jiwe kutoka hapa. Jamii ilikuwa imezoea, na elimu ya wengi haikuyavunja mazoea hayo. Nilimwambia hivyo hivyo. Mtu anaweza kuhifadhi vitabu vingi na bado asimwone aliye mbele yake, kwa sababu kila mtu barazani anafanya vile vile.

Mzee hakunijibu. Tuliondoka, na kwa muda mrefu alitembea peke yake nyuma yetu.

Ukutani: silsila inayofika hadi kwenye rafu yako

Ukutani ni mtaa mdogo, lakini kwa Waislamu wa Afrika Mashariki jina lake lina uzito. Hapa ndipo aliposomesha Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, mzaliwa wa Lamu, rafiki na mwenzake Bin Sumayt katika elimu. Alisafiri hadi Hadhramaut na Java, akafika hata Cape Town kusuluhisha mzozo wa Waislamu wa huko. Yeye naye alifariki mwaka 1925, mwaka ule ule aliofariki rafiki yake. Palikuwa na misikiti ya darsa kama Gofu na Barza, ambako mwanafunzi aliingia bila ya kulipa ada wala kuonyesha cheti. Alianza na juzuu, ubao na wino wa masizi, akaja kwenye Safina na Ajurrumiyya, na mwenye subira akafika kwenye Minhaj. Mtihani wake ulikuwa kusoma mbele ya mwalimu, na shahada yake ilikuwa ni ijaza: idhini ya mtu aliyemjua, naye alikuwa ameipata kwa mtu aliyemjua.

Wanafunzi walitoka kila upande. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuja kuanzisha magazeti ya Sahifa na al-Islah katika miaka ya 1930, alisoma kwa masheikh hawa. Sheikh Hassan bin Ameir naye alitoka katika duru hii ya Unguja, akavuka kwenda bara, akasomesha huko kwa miongo mingi na akatambulika kuwa Mufti wa Tanganyika.

Niliwauliza vijana: nyumbani kwenu kuna tafsiri gani ya Qur'an kwa Kiswahili? Wakajibu kwa pamoja: "Ya Sheikh Farsy." Basi sikilizeni. Sheikh Abdallah Saleh Farsy alizaliwa mjini hapa mwaka 1912. Alisoma kwa Sheikh Abubakar, mtoto wa Bakathir, na kwa Sayyid Omar, mtoto wa Bin Sumayt. Wakati huo huo alipitia skuli za serikali, akawa mwalimu. Akashika ukadhi wa Unguja, kisha kuanzia mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na mwaka 1969 ikachapishwa Qurani Takatifu, tafsiri yake kamili. Kitabu kile kilichofungwa kwa kitambaa juu ya rafu huko Mbalibali kilianza safari yake katika vichochoro hivi, mdomo kwa sikio, mwalimu kwa mwanafunzi, na baba kwa mtoto. Kiungo kimoja cha mnyororo huo kingekatika, wewe na mimi tusingekisoma.

Tukafika kwenye msikiti mmoja wakati wa adhuhuri. Haukuwa na sehemu ya wanawake. Sisi wanaume tuliingia kuswali, na binti akabaki nje, juani, pamoja na mabegi yetu. Nakiri nilishikwa na aibu: nimemleta mtoto huyu kutoka mwisho wa nchi ili aone mji wa elimu, na mlangoni pa elimu amebaki kulinda mizigo. Tulipotoka tulimkuta ameketi barazani kwa bibi mmoja wa nyumba ya jirani, aliyemkaribisha ndani akatawadha na kuswali, kisha akampa maji ya kunywa. Bibi yule alimweleza kwamba utotoni alisoma chuoni mtaani hapo hapo, kisha akaenda skuli, na baadaye akasomesha watoto wa watu kwa miaka mingi. Unguja ilikuwa na skuli ya serikali ya wasichana tangu mwaka 1927, na haikuwa rahisi kuwashawishi wazazi wa wakati huo.

Bibi akamgeukia mzee wetu, akamwambia kwa upole wa watu wa mji huu: "Baba, mwanao ana adabu. Mwache asome. Mume hakosekani, lakini umri wa kusoma haurudi."

Vuga: tawi jipya

Jua lilipopungua tuliteremka hadi Vuga. Mtaani huu ilianzishwa, mwishoni mwa miaka ya 1970, Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, kikaanza kufundisha mwaka 2001, na taasisi hiyo ikaja kuwa sehemu yake. Makao makuu ya chuo sasa yako Tunguu, nje ya mji, na walimu wa skuli hutayarishwa pia Beit el-Ras, kaskazini ya mji. Huko Tunguu kipo pia Zanzibar University, kilichoanzishwa mwaka 1998.

Wanafunzi walikuwa wakipita, wa kike na wa kiume, mabegi mgongoni. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kama mfugaji anavyolitazama zizi la mwenzake: mavazi yao, mwendo wao, jinsi wanavyosemeshana. Alimsimamisha msichana mmoja akamwuliza anatoka wapi. Msichana akamwamkia, akajibu kwamba anatoka Shinyanga. Mzee akauliza tena: "Na baba yako anakuja kukuona?" Akajibu: "Hajawahi kuja, baba. Lakini hupiga simu kila Alhamisi."

Mzee akatikisa kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilimwona akitabasamu.

La kuchukua nyumbani

Ndugu zangu wazazi, sikuandika haya ili kila mmoja afunge safari kwenda Unguja, ingawa mwenye uwezo na aende. Ukitembea kutoka Malindi hadi Vuga moja kwa moja hata saa moja haitimii, lakini ndani ya mwendo huo utakuta karne na nusu ya watu waliokaa chini wakasoma. Walichokuwa nacho wao, sisi tunacho: jamvi, kitabu, na watoto wenye akili. Tunachopungukiwa mara nyingi ni mwalimu anayetunzwa na kijiji ili asihangaike na riziki, na mzazi aliye tayari kumwachia mtoto nafasi. Wahyi wa kwanza aliopewa Mtume wetu ulikuja na amri ya kusoma, na hatuoni kwamba amri hiyo iliwatenga mabinti.

Wala tusifumbe macho. Hofu ya mzazi si upuuzi. Mtoto akienda mbali anaweza kuteleza, na aliyebaki nyumbani anaweza kuteleza vile vile. Dawa yake ni kumpeleka akiwa na dini yake, kumjua mwenyeji wake, kumpigia simu, na kumtembelea. Na sisi tunaosimamia misikiti tujiulize: binti wa Kiislamu akija kutoka mbali, ataswali wapi?

Usiku ule tulilala kwa wenyeji wetu Ng'ambo. Asubuhi, tukiwa bandarini kusubiri boti ya kurudi, binti alimwendea baba yake, akamwambia: "Baba, wewe ukisema nirudi, nitarudi. Ila ukiniuliza mimi, nataka kusoma." Hayo tu. Mzee hakumjibu. Akawa anaichezea fimbo yake, akitazama makuli wanavyoshusha mizigo.

Boti ilipofunga gati na watu wakaanza kupanga mstari, akanivuta kanzu.

"Shehe," akasema, "godoro la kulalia hapa Unguja ni bei gani?"

Tumwombe Mwenyezi Mungu awarehemu wanavyuoni wetu waliotangulia, awasamehe pale walipokosea, atutunukie elimu yenye manufaa, na awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.

Wabillahi tawfiq.